TUUTAWALE MOTO WA KUKAUSHIA SAMAKI

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya moto. Siyo moto wa kupikia ugali, maana huo kila mtu anaujua. Tunataka kuzungumza juu ya moto wa kukaushia samaki kwa moshi. Moto huu una tabia yake. Moto wa ugali unatakiwa uwe mkali kwa muda mfupi. Moto wa samaki unatakiwa uwe wa kiasi, tena udumu saa nyingi bila kupanda wala kushuka ovyo.

Wengi wetu tunaokaa karibu na ziwa, mto au bwawa tunakausha samaki nyuma ya nyumba. Kazi hii inalisha watoto. Inanunua madaftari na sare za shule. Lakini tazameni yanayotokea mara kwa mara. Mama ananunua samaki mwaloni asubuhi. Anawapasua, anawaosha, anawapanga juu ya moto. Jioni baadhi wameungua. Wengine wanapendeza kwa nje, lakini ndani ni wabichi. Baada ya siku tatu wanaanza kunuka na kuota ukungu. Mtaji umekwenda. Kuni nazo zimekwenda. Macho yanawasha kwa moshi. Halafu majirani wanasema, "Maskini, hana bahati."

Hapana. Siyo mambo ya bahati. Ni moto ambao haukutawaliwa. Na moto unaweza kutawaliwa. Tuone namna gani.

KWA NINI SAMAKI ANAHITAJI MOTO WA SAA NYINGI?

Samaki mbichi ana maji mengi sana. Katika kila kilo 10 za nyama ya samaki, karibu kilo 7 na nusu ni maji. Vijidudu vinavyoozesha samaki vinapenda maji hayo. Ukiyaondoa maji, vijidudu vinakosa mahali pa kuishi. Moshi nao unasaidia: unamrembesha samaki, unampa ladha, na unavipinga vijidudu kidogo. Lakini kinachomlinda samaki hasa ni kukauka. Moshi peke yake hautoshi.

Sasa fikirini. Tuna kilo 10 za samaki, na tunataka wakae muda mrefu. Lazima tutoe karibu kilo 7 za maji. Maji hayo yako ndani ya nyama, hayako juu ya ngozi. Yanasafiri polepole kutoka ndani kwenda nje. Hayawezi kuharakishwa kwa fimbo. Ukiwasha moto mkali tangu mwanzo, ngozi ya samaki inakauka haraka na kuwa ngumu kama ganda. Maji ya ndani yanakosa njia ya kutokea. Samaki anaonekana mkavu, kumbe amefungiwa maji ndani. Huyo ndiye anayeoza baada ya siku tatu. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Kwa samaki neno hili ni kweli kabisa.

Watu wa Ziwa Victoria wanaijua shida hii. Sangara aliingizwa katika ziwa hilo miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akaongezeka sana. Samaki wadogo waliweza kupasuliwa na kukaushwa juani. Sangara ni mkubwa, tena ana mafuta mengi. Jua peke yake halimwezi. Basi watu wakamgeukia moto: wakamkaanga na kumkausha kwa moshi. Kuni nyingi zikahitajika, na miti ya karibu na ziwa ikapungua. Kwa hiyo kuutawala moto siyo faida ya mfukoni tu. Ni faida ya miti yetu pia.

MOTO UNAKULA NINI?

Watu wengi wakitaka moto upande wanaongeza kuni. Wakitaka ushuke wanatoa kuni, au wanamwaga maji. Hapo ndipo tunapokosea njia. Moto unakula vitu viwili: kuni na hewa. Kimoja kikikosekana, moto unakufa. Na kati ya hivyo viwili, kilicho rahisi kukipima ni hewa.

Tazameni taa ya chemli. Mafuta yamo ndani, utambi umo, kioo kipo. Chini kuna matundu madogo ya kuingizia hewa, na juu kuna mahali pa kutokea hewa ya moto. Matundu ya chini yakijaa masizi na wadudu, taa inafifia ingawa mafuta yamejaa. Ukiyasafisha, taa inawaka vizuri. Mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni hewa.

Tanuri la samaki nalo ni hivyo hivyo. Hewa baridi inaingia chini, inapita kwenye makaa, inapata joto, inapanda juu, inapita katikati ya samaki, inachukua maji yao na kutoka nayo. Ukifungua tundu la chini sana, hewa inaingia nyingi na moto unapamba. Ukilifunga nusu, moto unatulia. Ukilifunga lote, moto unazimika polepole. Basi hili ndilo neno kubwa la leo: KUNI HULISHA MOTO, LAKINI HEWA NDIYO HUUTAWALA.

Tena tujue jinsi ukuni unavyoungua. Kwanza unatoa maji yake. Kama ni mbichi, kazi hii inakula joto jingi, na moshi unakuwa mzito wenye mvuke. Pili, ukuni unatoa gesi. Gesi hizo zikishika moto tunaona ndimi za moto. Zisiposhika vizuri tunaona moshi mwingi. Tatu, linabaki kaa jekundu. Kaa halina ndimi na lina moshi kidogo sana. Linaungua pale tu hewa inapoligusa, yaani juu ya uso wake. Ndiyo maana kaa linaweza kutawaliwa vizuri kuliko ndimi za moto. Na ndiyo maana tunasema: samaki wakaushwe na makaa, wasikaushwe na ndimi za moto.

TANURI LA NAMNA GANI?

Wengine wanakausha samaki juu ya shimo la wazi, na chanja juu yake. Hewa inaingia kila upande. Upepo ukivuma, moto unaruka. Upepo ukitulia, moto unalala. Hapo hakuna mtawala. Anayetawala ni upepo.

Wengine wanatumia pipa lililokatwa. Pipa ni afadhali, maana lina kuta. Lakini bati lake ni jembamba. Linapata moto haraka na kupoa haraka. Mwenye pipa lazima awe macho zaidi. Akiweza alizungushie udongo kwa nje, litunze joto. Tena asitumie pipa lililowahi kubeba dawa za wadudu au sumu nyingine, hata kama ameliosha mara mia.

Kuta za udongo au matofali zinachelewa kupata moto, lakini zikishapata zinalitunza joto. Makaa yakipungua kidogo, kuta zinaendelea kutoa joto. Kwa hiyo joto linakuwa sawasawa. Udongo wa kichuguu ukichanganywa na majani makavu yaliyokatwa unafaa sana.

Kuna tanuri moja lililojulikana sana Afrika. Linaitwa tanuri la Chorkor. Chorkor ni mtaa wa wavuvi pale Accra, mji mkuu wa Ghana. Wataalamu wa chakula wa Ghana na shirika la FAO walilitengeneza pamoja na akina mama wakaushaji wa hapo, na katika miaka ya 1980 likaenea nchi nyingi. Ni sanduku la udongo au matofali, urefu wake kama mara mbili ya upana. Ukuta unaligawa katikati, na kila upande una mdomo wake wa kuwekea kuni. Juu zinapangwa chanja za mbao zenye wavu wa waya. Chanja zinakaa moja juu ya nyingine, hata kufikia 15. Mbao za chanja zikishikana vizuri, zenyewe zinakuwa kama bomba la kupandishia joto na moshi. Moto mmoja unakausha chanja nyingi. Huo ndio ujanja wake.

Lakini siyo lazima uwe na tanuri la Chorkor ndipo uanze. Tanuri lolote litafaa likiwa na mambo manne:

1. Kuta zisizo na nyufa. Ufa ni tundu la hewa ambalo huwezi kulifunga.

2. Mdomo wa chini wenye mlango. Kipande cha bati au tofali kinatosha kuwa mlango.

3. Nafasi ya kutosha kati ya makaa na chanja ya kwanza, kiasi cha kuanzia goti la mtu mzima na kwenda juu. Makaa yakiwa karibu mno, chanja ya chini inaungua.

4. Kifuniko cha juu kisichoziba kabisa. Hewa yenye maji lazima itoke. Ukiziba kote, samaki wanachemka kwa mvuke wao wenyewe badala ya kukauka.

Mdomo wa tanuri usielekee upande ambao upepo unatoka. Ukiwa na tanuri lililokwisha jengwa vibaya, weka kinga ya bati au makuti mbele yake, mbali kidogo na moto.

KUNI NA MKAA

Tumia kuni kavu za mti mgumu. Ukuni mkavu ukiugonga na mwenzake unalia kwa sauti kali. Mbichi unatoa sauti nzito. Kuni kavu zinatoa makaa mazuri na moshi mwepesi.

Vitu hivi visiingie kwenye tanuri: mbao zilizopakwa rangi au dawa, mifuko ya nailoni na plastiki, matairi, na vitambaa vyenye mafuta ya gari. Moshi wake ni sumu, na sumu hiyo inashika kwenye samaki. Usitumie mti wenye utomvu mkali kama mnyaa. Msonobari na miti mingine yenye ulimbo inatoa masizi, na samaki anakuwa mweusi na mchungu.

Ukipenda unaweza kutumia mkaa. Mkaa hauna ndimi kubwa za moto, na joto lake linatulia. Lakini mkaa una gharama. Kwa matanuri ya kienyeji ya kuchomea mkaa, kilo 1 ya mkaa inaweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni. Kwa hiyo anayeacha mdomo wazi na mkaa ukaungua ovyo, anateketeza mti mara mbili.

Kuna njia nzuri ya kufanya mkaa udumu. Usiuwashe wote pamoja. Upange kwa mstari pembeni mwa tanuri, vipande vikigusana, kama nyoka aliyelala. Kisha weka makaa mekundu machache kwenye kichwa cha mstari tu. Moto utatembea polepole kutoka kipande hadi kipande, kama unavyotembea kwenye utambi. Mstari ukiwa mnene, joto linakuwa kubwa. Ukiwa mwembamba, joto linakuwa dogo. Ukiwa mrefu, moto unadumu zaidi. Njia hii inafaa kwa kazi ya mwisho ya kukausha, wakati joto dogo linatakiwa kwa saa nyingi. Mkaa uwe mkavu na ulioiva vizuri. Kipande ambacho hakikuiva kitatoa moshi mzito.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kabla ya yote, watenge samaki kwa ukubwa. Wadogo wakae chanja yao, wakubwa chanja yao. Wakubwa wapasuliwe au wakatwe vipande vinavyolingana. Ukichanganya, mdogo ataungua mkubwa akiwa bado mbichi, na hakuna moto duniani utakaowapatanisha. Waache samaki wachuruzike maji kabla ya kuingia kwenye tanuri.

Hatua ya kwanza: kuwasha. Washa moto mapema, mdomo ukiwa wazi wote. Acha uwake kwa ndimi mpaka kuta zipate joto na kuni zigeuke makaa. Samaki bado wako nje. Wakati huu moshi unakuwa mzito na mweusi. Acha upite. Moshi huo si wa kumpa samaki.

Hatua ya pili: kukausha ngozi. Tandaza makaa sawasawa. Funga mdomo kiasi cha nusu. Sasa weka chanja. Joto liwe dogo, kiasi cha nusu saa hadi saa moja, mpaka ngozi isishike kidole ukiigusa. Usiwe na haraka hapa. Ukipandisha joto sasa, nyama inalainika na samaki anakatika na kuanguka kwenye moto.

Hatua ya tatu: kuivisha. Fungua mdomo zaidi ili joto lipande. Chukua samaki mnene kuliko wote, mvunje mgongoni. Nyama ikiwa nyeupe, ikiachana na mfupa, na pasipo na damu kwenye uti wa mgongo, ameiva.

Hatua ya nne: kukausha kwa moshi. Funga mdomo, ubakize upenyo mdogo tu. Hapa unaweza kuongeza makumbi ya nazi, magunzi ya mahindi au vumbi la mbao ngumu, kidogo kidogo juu ya makaa, ili kupata moshi mwepesi. Samaki wa kuliwa leo au kesho wanatosha saa 1 hadi 2 za kazi hii yote. Lakini hao hawakai. Wanadumu siku 1 hadi 3 tu. Samaki wa kusafirishwa mbali wanahitaji moto mdogo wa saa 10 hadi 18. Hao wakikauka vizuri na kutunzwa vizuri wanadumu miezi kadhaa.

Kila baada ya muda badilisha chanja: ya chini ipande juu, ya juu ishuke chini. Chanja ya chini inapata joto kali kuliko zote. Wageuze na samaki wenyewe pia.

TUTAJUAJE JOTO BILA KIPIMO?

Mtu atauliza, "Mimi sina kipimo cha joto. Nitajuaje?" Una vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza ni mkono. Ondoa chanja, weka kiganja pale chanja inapokaa, bila kugusa waya wala bati. Hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Ukiondoa mkono kabla ya tano, joto ni kali mno kwa samaki. Ukiweza kufika kumi na kupita kidogo, joto linafaa kwa kukausha. Ukiweza kuuacha mkono bila shida yoyote, moto umelala. Kila mtu ana mkono wake, kwa hiyo apime mtu yule yule siku nzima.

Kipimo cha pili ni tone la maji. Nyunyiza tone moja kwenye waya wa chanja. Likilia "tssss" na kuruka, waya umepita digrii 100, joto la maji kuchemka. Hapo nyama inaweza kuungua. Punguza hewa.

Kipimo cha tatu ni moshi. Moshi mwepesi, mweupe wa kielekea bluu, ni mzuri. Moshi mweusi au wa njano maana yake kuni mbichi, mafuta yanaungua, au hewa ni haba mno wakati kuni bado zina ndimi.

Kipimo cha nne ni sikio. Mafuta ya samaki yakidondoka kwenye makaa unasikia yakichachatika. Mara ndimi zinapanda na moshi mweusi unatoka. Moshi huo wa mafuta unabeba sumu zinazoweza kuleta saratani. Usingoje. Weka kipande cha bati kati ya makaa na samaki, kikinge mafuta na kuyaelekeza pembeni. Wazo hili limetumika pia katika tanuri linaloitwa FTT-Thiaroye, ambalo FAO na chuo kimoja cha samaki cha Senegal walianza kulitengeneza mwaka 2008. Katika tanuri hilo samaki wanaivishwa kwa makaa, mafuta yanakingwa, na moshi unatengenezwa mahali pake peke yake.

JOTO LIKIPANDA AU KUSHUKA

Sasa sikilizeni kanuni ya kazi. BADILISHA KITU KIMOJA, KISHA SUBIRI.

Joto likipanda mno, usimwage maji. Maji yanarusha majivu juu ya samaki, na yanaweza kukuunguza kwa mvuke. Sogeza mlango wa mdomo upunguze hewa. Kisha ngoja kiasi cha robo saa, maana kuta bado zina joto. Usipongoja, utafunga tena, na tena, halafu moto utazimika kabisa. Ndipo utaanza kuongeza kuni kwa hasira, nao utalipuka. Hivyo ndivyo moto unavyomchezea mtu siku nzima.

Joto likishuka, tazama kwanza majivu. Majivu yakifunika makaa, hewa haiyafikii. Yasogeze taratibu kwa kijiti, usiyapepee, maana majivu yataruka. Kama makaa yapo, fungua hewa kidogo na ungoje. Kama makaa yamekwisha, ongeza. Lakini usitupie kuni kubwa baridi juu ya makaa machache. Washa kuni au mkaa pembeni, katika jiko jingine. Ukishakuwa makaa mekundu, chota kwa koleo uingize ndani. Ongeza kidogo, tena mara kwa mara. Haba na haba hujaza kibaba.

KALAMU NI KIPIMO CHA JOTO

Ndugu wasomaji, hapa kisomo chetu kinapata kazi. Kila tanuri lina tabia yake, na hakuna gazeti linaloweza kuziandika zote. Mwenye tanuri mwenyewe ndiye anayeweza. Chukua daftari, andika saa, mdomo ulivyokuwa, hesabu ya mkono, na ulichofanya. Kwa mfano:

Saa 2.00 asubuhi. Nimewasha. Mdomo wazi wote.
Saa 3.00. Makaa tayari. Mdomo nusu. Mkono 12. Nimeweka chanja 4.
Saa 4.00. Ngozi kavu. Nimefungua zaidi. Mkono 7.
Saa 5.30. Wameiva. Mdomo vidole viwili. Mkono 12.
Saa 8.00 mchana. Upepo umeanza. Mkono 4. Nimeweka kinga.
Saa 8.15. Mkono 11. Sijagusa kitu.

Andika pia uzito. Pima samaki kwa mizani kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Tuseme kilo 10 zilizosafishwa zimeingia, na kilo 6 zimetoka. Hao bado wana maji mengi, wauze upesi. Zikitoka kilo 3 hivi, hao ni wakavu wa safari. Mizani haidanganywi na rangi nzuri ya ngozi.

Na mwisho andika kuni ulizotumia, mizigo mingapi au madebe mangapi ya mkaa. Baada ya safari tano soma ulichoandika. Utaona mwenyewe siku gani ulipata samaki wazuri kwa kuni chache, na mdomo ulikuwa umefungwa kiasi gani. Hapo hutahitaji kubahatisha tena. Na binti yako akitaka kujifunza kazi, atasoma daftari lako.

TAHADHARI

Makaa mekundu yanatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anasinzia, na anaweza asiamke tena. Kwa hiyo tanuri likae nje au kwenye banda lenye kuta wazi. Usiingize makaa ndani ya nyumba mnamolala, hata usiku uwe wa baridi namna gani. Kazi ikiisha, funga mdomo makaa yazimike, na uhakikishe yamezimika. Watoto wadogo wasicheze karibu.

Samaki wakitoka wasifungwe wakiwa na moto. Waache wapoe kabisa kwenye chanja, penye kivuli na hewa. Ukiwafunga wakiwa na joto, watatoa jasho ndani ya tenga na kuota ukungu, na kazi yote itakuwa bure. Wala usiwanyunyizie dawa ya wadudu. Dawa hiyo itaingia tumboni mwa mlaji. Samaki akiwa mkavu sawasawa, na tenga likiwa safi na limeinuliwa juu ya ardhi, wadudu wanapungua. Wakionekana, warudishe samaki kwenye moto mdogo.

Basi, ndugu, safari ijayo mkiwa mbele ya tanuri, kabla hamjashika ukuni, shikeni kwanza mlango wa mdomo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini samaki aliyewekwa kwenye moto mkali tangu mwanzo anaoza upesi ingawa nje ni mkavu?

2. Matanuri ya kijijini kwetu yana nyufa wapi? Upepo wetu unatoka upande gani, na midomo inaelekea wapi?

3. Mama Fulani ameingiza samaki kilo 20, wametoka kilo 12. Je, anaweza kuwapeleka soko la mbali linalochukua juma zima? Afanye nini?

4. Nani katika kikundi ataanza kuandika daftari la moto, na tutalisoma pamoja lini?